Mafuta ya Ijumaa

Mama tulimzika baada ya sala ya alasiri, na wanaume hawajarudi sawasawa kutoka makaburini, wanawake washaingia jikoni kwake kutafuta mbuzi ya kukunia nazi. Niliwasikia kutoka chumbani. Walifungua kabati, wakasogeza gunia la mkaa, wakainama chini ya meza. Mwishowe shangazi wa mume wangu, mwanamke wa Kisauni asiyeijua nyumba yetu, akaja kusimama mlangoni kashika kiuno. "Rukia, mbuzi mumeificha wapi? Nazi zimefika na mchele washapetwa." Nikamwambia hakuna mbuzi nyumba hii. "Hakuna mbuzi? Wewe mwana wee, hapa si Timbwani? Nyumba ya Mswahili haina mbuzi?" Akawageukia wenzake, na wenzake, wale majirani wa zamani, wakatazama chini. Kimya kile kiliniudhi kuliko swali lake. Nilikuwa nimefiwa na mamangu, macho yamevimba, na watu wataka nianze kueleza habari za nazi. Nikamwambia aazime kwa jirani, nikajifunika leso nikageukia ukuta.

Lakini nilipogeukia ukuta ule sikumwona mama aliyefia mjini hospitalini, mwepesi, mikono mikavu. Nilimwona wa mwaka ule ambao kakangu Athmani alikufa, mwaka mmoja tu, wa kutoka kipupwe hadi kipupwe. Alikuwa mwanamke mnene wa kucheka kwa sauti, na jiko lake la uani halikuwa likipoa. Mama alikuwa akipika mafuta ya nazi. Alikuna mwenyewe juu ya mbuzi, kanga kaipachika kiunoni, akakamua tui, akalichemsha katika sufuria pana mpaka maji yakaisha na mafuta yakapanda juu, safi, unaona hadi chini. Yale makapi ya kahawia yaliyobaki tulikuwa tukiyagombania mimi na Athmani, tukiyapaka kwenye mkate, watu wazima wawili twasukumana juu ya sufuria. Mafuta yale yalikuwa ya kila kitu. Ya nywele zangu, ya kukanda wazazi na vitoto vyao, ya miguu ya wazee, ya bawaba za milango. Mlango ukilia, Mama alipaza sauti kutoka uani, "Mtieni mafuta huyo anyamaze!"

Athmani alikuwa na pikipiki, na miaka ile bodaboda zilikuwa bado ngeni kwetu, ukiwa nayo wewe ni bwana. Ililala nje chini ya dirisha la Mama, na upepo wa chumvi ukaila taratibu, kama unavyokula kila chuma cha Likoni. Kilichoanza kukaza ni ule waya wa resi, unaotoka kwenye mkono wa kulia ukashuka hadi kwenye injini. Ukigeuza mkono injini yavuta, ukiachia mkono warudi na pikipiki yatulia. Siku hiyo tulikuwa twala chai ya jioni, mahamri na mbaazi, na Athmani alikuwa akijisugua kiganja. "Mkono wa resi umeshika kutu, Mama. Nageuza mpaka kiganja chauma. Itabidi nende kwa Fundi Kombo anitilie oili."

"Ya nini mafuta ya makopo na mie nipo?" Mama akasema. "Haya yalikulainisha wewe mzima ulipozaliwa, yatashindwa na waya?"

Tulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka, kwa sababu Athmani alijifanya mtoto mchanga, akanyoosha miguu akandwe. Kisha akachukua chupa, akatoka nje, akaumiminia ule waya kwa juu mpaka mafuta yakatokea chini. Ilikuwa wakati wa joto. Mkono ukawa laini ajabu. Kijiweni wenzake wakaja kuujaribu, mmoja baada ya mwingine, na Fundi Kombo mwenyewe, ambaye banda lake lilikuwa mkabala na kijiwe, akamwambia, "Pikipiki yako yanukia bibi harusi." Basi. Hakuna aliyesema usitie. Na mafuta ya nazi, kila mtoto wa pwani ajua, yakipigwa na baridi ya kipupwe huganda. Mama mwenyewe asubuhi za mwezi wa saba aliianika chupa juani kwanza ndipo anisuke. Sote tulilijua jambo hilo. Tulilijua kwenye chupa, hatukulijua kwenye waya.

Kipupwe kilipokuja, Athmani alitoka asubuhi moja ya manyunyu bila kunywa chai. Alimwambia Mama atarudi kuinywa. Barabara ya kuteremkia kivukoni alitaka kulipita gari, akageuza mkono, na mkono haukurudi. Waliokuwa pale walisema pikipiki ilikuwa ikilia kama inachinjwa na yeye anashindana nayo. Mbele kulikuwa na lori limeegeshwa. Sitaeleza zaidi. Chai yake ilifunikwa na kisahani mpaka adhuhuri, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuimwaga.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nikipeleka kahawa barazani, na kabla sijavuka pazia nikasikia sauti ya Fundi Kombo. Alikuwa akizungumza na ami yangu Salimu, ndugu wa marehemu babangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. "Nimeufungua waya, Bwana Salimu. Ndani kumejaa kitu cheupe, kimeganda kama samli, na mchanga umo. Nilikitia kidoleni nikakinusa." Nilisikia tasbihi ya Ami ikigonga. Kisha akasema, "Nani mwingine ajua?" Kombo akasema vijana wa kijiweni wajua, walikuwapo alipoufungua. "Basi iishie hapo. Wallahi neno hili lisimfikie mama wa mtoto. Ajali ni ajali, Mungu kapanga." Nikaingia na sinia, vikombe vyagongana, na Ami akanitazama, akajua nimesikia. "Nawe Rukia umekuwa mkubwa," akaniambia. Ndiyo hayo tu aliyoniambia.

Nataka niseme kweli, sikuona kosa katika hilo. Ningemwambia nini Mama? Nenda ukamwambie mzazi kwamba mafuta ya mkono wake ndiyo yaliyomuua mwanawe, halafu ukae umtazame. Jambo lingeishia pale, na sote tungelibeba mpaka kaburini, lau Mama hangekuwa Mama. Baada ya arubaini alitoka chumbani, akafunga kanga kiunoni, akaitisha nazi. Siku nzima alikuna. Jioni akaniita uani na kunionyesha chupa ndogo ndogo zimepangwa kwenye ukingo wa karo, zote zimejaa. "Nimepata la kumfanyia Athmani," akasema. Na uso wake, uliokuwa umezima tangu siku ile, ulikuwa umerudi. "Kila Ijumaa vijana wa kijiweni waje wachukue mafuta ya pikipiki zao. Sadaka yangu, na thawabu zake zimwendee yeye. Alikuwa akiyasifu sana, au siyo?"

Nikasema abee, Mama, vizuri, nikaenda mbio kwa Ami. Alikuwa akila. Aliusukuma mkate wake kando, kisha akaamua vile wazee wetu waamuavyo, kwamba la zamani lisiguswe. Vijana wayapokee mafuta, washukuru, kisha wakayamwage kwa Fundi Kombo. Na mimi niwe pale bandani kila Ijumaa, nihakikishe hakuna aliyebaki nayo. Hivyo ndivyo nilivyojua habari za oili, mimi msichana wa kusuka mikeka.

Ikawa kila Ijumaa, wakitoka msikitini, vijana waja kwetu wamevaa kanzu, wainamisha vichwa mbele ya Mama. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, wanangu. Ya juma lililopita yalifanya kazi?" "Yalifanya, Mama. Mkono hariri tupu." Mama acheka. Wengine walikuwa wakilia wakishapinda kona. Mle bandani walimimina chupa zao ndani ya mtungi wa plastiki, na mke wa Kombo akayakaangia viazi karai. Nami nilivila viazi vile. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikila viazi vilivyokaangwa kwa thawabu za kakangu, na vilikuwa vitamu, na mpaka leo sijui niseme nini juu ya hilo.

Kombo alikuwa na kifua kibovu na ulimi mbovu zaidi. Nadhani alijilaumu kwa lile neno la bibi harusi, kwa hivyo akawa mkali kwa kila aliyesogeza kopo karibu na pikipiki. Kijana akija kutia oili ya gari kwenye injini, kwa kuwa kaipata kwa mjomba wake dereva, Kombo humpokonya. "Pikipiki klachi yake yaogelea mumo humo ndani ya oili ya injini, mjinga wee! Hiyo ya gari yateleza mno. Utapanda mlima injini yanguruma na tairi haliendi." Mwingine alitia oili ya injini kwenye breki ya mbele, na Kombo akaifungua mbele yetu, akatuonyesha mipira ya ndani ilivyovimba. Breki ina mafuta yake, akasema, na hayana ndugu. Shokabu zina yake mepesi. Beringi za magurudumu zataka grisi, nzito, ikae mahali pake. Cheni yataka oili nzito ya gia kidogo tu, siyo ile chafu iliyokwisha kutumika, maana ikirukia tairi au ikaingia kwenye breki ya nyuma umekwisha. Na ule waya wa resi? Matone machache ya oili nyembamba, tena baada ya kuusafisha. Alipofika hapo kila mara aliteremsha sauti, akakohoa, akanitazama mimi. Nilikuwa nikisikiliza kila neno. Sikuwa na pikipiki wala sikuwa na nia ya kuipanda. Nilikuwa nataka kujua kitu kilichotuingilia nyumbani kilipitia mlango gani.

Katana alikuja karibu na mwisho wa mwaka ule. Alikuwa kijana wa Kigiriama aliyehamia kwetu kutoka Changamwe, mpole, wa kucheka ovyo, na hakuna aliyemweleza, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake kamweleza. Alipita nyumbani siku isiyo Ijumaa, kumshusha Mama na kikapu chake cha sokoni. Mama akampa chupa ya mafuta. Akamwambia ni sadaka ya mwanawe aliyekufa barabarani, atie kwenye waya. Katana ni mtu wa adabu. Alipewa kitu na mama mtu mzima, akakitumia kama alivyoambiwa. Kipupwe kikaingia. Asubuhi moja ya baridi mkono wake ukashika palepale kwenye mteremko, naye, kwa rehema ya Mungu, akajitupa. Pikipiki ikaenda peke yake ikavunjika ukutani. Yeye alivunjika mguu.

Sisi tuliambiwa kaanguka tu. Mama akampelekea uji hospitalini, kisha mchuzi, na alipotolewa akamwalika chakula. Siku hiyo namkumbuka kila mtu alipokuwa amekaa. Mkeka tuliutandika ukumbini. Wali wa nazi ulikuwa katika sinia, na samaki wa kupaka, na mchicha. Ami Salimu kakaa karibu na mlango, Katana kanyoosha mguu wake wenye plasta, magongo kayalaza ubavuni, Mama apakua, mimi nashika birika la kunawia. Katana alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Akasema, "Mama, wakiitoa hii plasta nitakuja unikande kwa yale mafuta yako. Kwa mguu ni dawa. Lakini kwa waya, Mama, hapana!" Akacheka. "Yaganda na baridi. Fundi Kombo aliufungua akakuta kama samli. Aliniambia ningekwenda vilevile kama yule wa mwaka jana."

Ami alisema, "Kula, mwanangu, kula," kwa sauti ya juu mno.

Mama alikuwa ameshika upawa una wali. Hakuutua. Akauliza taratibu, "Yule wa mwaka jana ni nani?"

Katana akatutazama mmoja mmoja, na nikaona uso wake unavyojua. Mama akaumimina ule wali kwenye upande wa Katana, akaulaza vizuri kwa upawa, akamchagulia kipande cha samaki kisicho na miiba. "Kula, mwanangu," akamwambia. Akakaa mpaka Katana akamaliza, na maskini yule alikula huku machozi yakimdondokea kwenye sinia, kwa kuwa aliamrishwa na mama mtu mzima.

Kisha Mama akamgeukia Ami. Sijapata kumsikia mtu akisema polepole namna ile. "Salimu, nyote mlijua?"

"Tulikustahi, shemeji. Wallahi tulikuonea huruma."

"Mlinionea huruma mimi. Na watoto wa watu nani awaonee huruma? Mwanangu nilimpa mafuta sijui, Mungu ajua kwamba sijui. Huyu hapa?" Akamwekea Katana mkono begani. "Mwaka mzima mwanikalisha hapa nagawa kifo kwa jina la Athmani, na nyinyi mwanijibu hariri tupu." Ami alilia. Mzee mwenye ndevu nyeupe alilia mbele ya mkeka, na Mama hakumnyamazisha. Kisha akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimelikumbatia birika. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Toa sinia, Rukia."

Tangu siku hiyo nazi haikuvunjwa nyumbani kwetu. Mbuzi ilitoweka, na nilipouliza iko wapi akaniambia haipo, nikajua nisiulize tena. Tulikula wali wa maji na mchuzi mkavu. Idi ikaja, wali wa maji. Nikaolewa, na harusini kwangu wageni kutoka Nyali walinong'onezana kwamba familia hii ni bahili. Mtu asiyekuwa wa pwani hawezi kujua adhabu ile ilivyo, mwaka nenda mwaka rudi, kila adhuhuri, kinywani. Nilimkasirikia. Nilimwambia mara moja, Mama, basi, inatosha, naye akaniuliza imtoshe nani. Nami nilifungua duka la spea na oili hapohapo Timbwani, na watu wasema Rukia ana kiburi, hauzi bila kuhoji. Ni kweli. Kijana akija kuniambia nipe oili tu, simpi. Namuuliza ya wapi? Ya injini, ya cheni, ya breki, ya shokabu, ya waya? Hajui, arudi akaulize. Nimewafukuza wateja wengi, na sijutii hata mmoja.

Basi nilikuwa nimegeukia ukuta vivyo hivyo, jikoni wanawake wakisubiri mbuzi ya kuazima, nikasikia hatua barazani, mguu mmoja ukiburutwa. Nikatoka. Katana ana mvi sasa, na goti lile halikukunjika tena sawasawa. Alikuwa kabeba kitu kimefungwa ndani ya gunia. Akanipa pole, nikaitikia, akakiweka chini mbele yangu na kukifungua. Ilikuwa mbuzi ya Mama. Mbao zilikuwa zimeiva kwa kukaliwa, na meno yalikuwa makali bado.

"Alinipa siku ileile," akasema. "Nilikuwa na magongo, akanitafutia mtu wa kunibebea. Alisema mke wangu awakunie watoto wangu, na nisiirudishe maadamu yeye yu hai. Nimesikia hapa mwatafuta mbuzi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kila siku tumekula, dada. Wanangu wamekuwa wakubwa kwa hii."

Niliichukua nikaingia nayo jikoni. Wanawake wakanipisha. Nilipoikunjua ikalia, mlio mrefu wa chuma kikavu kwenye ule msumari unaoshika miguu yake miwili, na shangazi wa Kisauni, asiyejua kitu, akasema, "Mtieni mafuta huyo anyamaze." Wote wakanitazama, kwa kuwa ndimi mwenye duka la mafuta. Nami nikaanza kuyapitia kichwani, rafu baada ya rafu. Ya injini, hapana, hiki ni kitu cha chakula. Grisi, hapana. Ile nyembamba ya waya, hapana pia. Dukani kwangu kote hakuna hata kopo moja linalofaa kutiwa kwenye mbuzi. Kuna mafuta mamoja tu yafaayo pale, na hayakuwamo nyumbani humu tangu nilipokuwa msichana.

Nikatuma kwa jirani. Yakaja ndani ya chupa ndogo, na kwa kuwa kulikuwa na baridi yalikuwa yameganda, meupe. Niliishika chupa viganjani mpaka ikapata joto na mafuta yakalegea. Nikatia tone kwenye msumari, nikaikunja mbuzi na kuikunjua mpaka ikanyamaza. Kisha nikakaa juu yake, nikafunga kanga, nikasema nipeni nazi.